Sabuni Juu ya Ukuta

Mama Nukui anasema alimwona kwa macho yake mawili. Anasema Jumanne asubuhi, alipokuwa akimwagilia vyungu vyake vya maua mlangoni, Shungo wangu alipita na kifurushi cha kitambaa cha bluu, fundo lake amelikaza kwa meno kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa kwenye plasta. Alipofika darajani akageuka, akaliinamia dohani la bafu letu la umma kama mtu anayeaga maiti, kisha akapanda basi. Hayo ni ya asubuhi. Ilipofika mchana, dukani kwa muuza tofu, kifurushi kilikuwa kimezaa cha pili na Shungo alikuwa akilia. Jioni, ndani ya basi kulikuwa na mwanamke wa kofia, amemwekea nafasi dirishani.

"Kofia ya rangi gani?" nilimuuliza.

"Usinichekeshe, binti. Mtu umeachwa, unauliza rangi."

Nilijua kifurushi kilikuwa kimoja na ndani mna mashati mawili tu. Nilijua pia basi lile la asubuhi hupandwa na wazee waendao hospitali, na wengi wao wana kofia. Lakini la kuondoka lilikuwa kweli. Karatasi niliikuta juu ya sufuria ya umeme ya wali, imeandikwa kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama nyasi baada ya mvua: "Nimekuzidishia kazi vya kutosha. Nitalala stoo ya karakana mpaka mkono upone. Usijisumbue."

Plasta ilikuwa imebakiza majuma matatu. Na binamu ya bosi wake, mwenye karakana kubwa kule Okayama, alikuwa anatafuta fundi wa mikeka, kazi ya Shungo, na alishamtumia salamu mara mbili. Shungo hakuwa amejibu ndiyo wala hapana. Mimi nikaona mambo yalivyo: akipona bila mimi, atajua anaweza bila mimi, na Okayama si mbali kwa mtu mwenye mashati mawili.

Kazi yangu ni kukaa. Kiti changu kiko juu, mlangoni mwa bafu la shangazi, katikati ya pazia la wanaume na pazia la wanawake. Nikigeuza shingo kushoto naona wanaume wanavua soksi, nikigeuza kulia naona wanawake wanawavua watoto. Nilipanda kile kiti nikiwa na miaka kumi na miwili. Shule sikufukuzwa. Nilimaliza darasa la sita vizuri tu, kisha asubuhi moja miguu ikakataa kuvaa viatu, na kesho yake ikakataa, na mwezi uliofuata. Walimu walikuja, wakainama, wakaondoka. Shangazi akasema, basi kaa hapa, walau hesabu taulo. Miaka kumi na minne sasa nahesabu taulo.

Ukuta wa vigae unaogawa wanaume na wanawake haufiki darini. Maneno hupita juu yake, na mimi nimejifunza watu kwa maneno hayo. Mzee Nukui na mkewe wana sabuni moja tangu waoane. Mzee huanza yeye, au mkewe huanza, na kila siku lazima mmoja apige kelele, "Mama Nukui, sabuni!" na kiboksi cha plastiki kiruke juu ya ukuta. Fundi seremala na mkewe hawasemi kitu, mke hugonga beseni sakafuni mara tatu na mume hutoka majini papo hapo, hata kama amejipaka povu kichwa kizima. Kuna yule bibi arusi wa duka la dawa, ambaye kila baada ya dakika mbili huita, "Upo?" na mume hujibu, "Nipo." Siku moja mume alichelewa kujibu kwa sababu alikuwa ameuzamisha uso majini, bibi arusi akalia mpaka tukampa maji ya kunywa. Na wako ambao kila mmoja ana sabuni yake, saa yake, na njia yake ya kurudi nyumbani.

Mimi na Shungo tulikuwa na namna yetu, na niliionea fahari. Siku ya mapumziko yangu, shangazi akishika kiti, tuliingia pamoja saa kumi. Hakuwahi kuita. Mimi nilisikia kikohozi chake, kile kidogo cha kuaga maji ya moto, nikatoka nami. Tulikutana mlangoni nywele zikichuruzika sawasawa. Akina mama walisema, "Tazama hawa. Wanaelewana bila mdomo kufunguliwa." Kwetu hakuna sifa inayopita hiyo. Mtu akikupa chai kabla hujajua una kiu, huyo amekupenda. Ukilazimika kusema "nipe chai", mmoja wenu ameshindwa kazi.

Basi mimi sikushindwa. Bakuli lake la wali nililijaza likiwa na punje tano. Mwavuli ulikuwa mlangoni kabla ya wingu. Shungo amelelewa na wajomba, nyumba tatu katika miaka tisa, na nyumba ya tatu ilimfundisha kusema ameshiba kabla hajaulizwa. Nikajiambia, huyu hatauliza kamwe, kwa hiyo kazi ya kujua ni yangu.

Halafu akateleza juu ya gari la mizigo, mikeka mitano mgongoni, kiganja kikavunjika. Hapo ndipo nilipopata sikukuu. Nilimtolea samaki miiba. Nilimpakia dawa ya meno kwenye mswaki, nikauweka juu ya kikombe unamsubiri. Vifungo vyote vya mashati nikavikata nikashona vibanio. Nilikuwa nikiamka nikiwa na furaha, sitaficha. Yeye alizidi kunyamaza. Wiki ya kwanza alisema asante mara kumi kwa siku, wiki ya pili alisema samahani. Wiki ya tatu nikaikuta karatasi.

Siku mbili niliendelea kukaa kwenye kiti changu. Ya tatu, kabla hatujafungua, Mama Nukui aliingia na chupa yake ya maziwa baridi, akaketi kwenye benchi ya mianzi chini yangu, akanitazama kutoka chini kama mtu anayetazama paka juu ya mti.

"Unamfuata lini?"

"Ameandika nisijisumbue."

"Na wewe ukatii. Mtoto wa adabu." Akanywa. "Nikuulize. Huyo bwana amewahi kukuambia 'nipe'?"

"Nipe nini?"

"Chochote. Nipe chumvi. Nipe nafasi, umenibana. Nipe hilo gazeti."

Nikatafuta kichwani. Mimi ni mtu wa kukumbuka, nakumbuka taulo za nani zina doa la chai. Nikapita miaka miwili yote, asubuhi hadi usiku, sikupata.

"Na wewe," akasema, "umewahi kumwambia 'nipe'?"

Nikaanza kuhesabu taulo.

"Haya. Mnaishi kama wapangaji wawili wenye heshima. Wewe unamlisha kabla njaa haijafika, sasa mtu atajuaje ana njaa? Atajua tu kwamba ana deni la shukrani, na linapanda." Akaipangusa midomo. "Mzee wangu, unamjua. Mama Nukui sabuni, Mama Nukui taulo, Mama Nukui kuna kitu kinaniuma hapa njoo utazame. Miaka arobaini. Nimemlaani mpaka laana zimeisha. Mwaka juzi alipolazwa majuma mawili, unakumbuka?"

Nilikumbuka. Mama Nukui alikuwa akija kuoga peke yake. Siku ya nne aliosha mwili, akakaa na kiboksi cha sabuni mkononi, akiutazama ukuta. Nilimwona kutoka kitini. Sikumwambia mtu, na yeye hakujua kama nilimwona.

"Nilikaa na ile sabuni kama zuzu," akasema. "Hakuna wa kumrushia. Basi ndipo nikajua kwamba kumbe yule mzee, kila akiniita, ananiambia jambo. Nenda kamchukue mtu wako. Na usimpelekee chakula."

Chakula nilikuwa nimeshakifunga. Matonge manne ya wali na plamu ndogo zilizochachushwa kati yake, kama anavyopenda. Nikampa Mama Nukui. Akayapokea bila kushangaa.

Karakana ya bosi wake, Fundi Warabi, iko vituo viwili kwa basi, nyuma ya hekalu, inanuka nyasi mbichi hata barabarani. Nilifika wakati wa chakula cha mchana. Fundi mwenyewe, mzee mfupi mwenye sindano kwenye kola, alikuwa anakula tambi. Alinionyesha stoo kwa kidevu.

"Yumo. Ananichosha," akasema. "Jana nimemkuta anafungua kopo la samaki kwa kisu cha mikeka. Nimemwambia sema, nikufungulie. Anasema nisijisumbue. Kisu changu sasa kinanuka samaki."

Shungo alikuwa ameketi juu ya rundo la mikeka ya zamani, anafunga kamba ya kiatu kwa mkono mmoja na meno. Aliponiona hakuacha. Alisema tu, "Ah, Chigusa," na masikio yakawa mekundu.

Mikono yangu ilishakwenda. Nasema kweli, ilishafika nusu ya njia. Nikairudisha, nikaketi kwenye rundo la mikeka mkabala naye, nikaikalia hiyo mikono.

Alihangaika na ile kamba. Ikafungika, ikafunguka. Akajaribu kuishikilia kwa goti. Nimekaa na watu wengi wanaovaa na kuvua viatu, lakini sijawahi kuona kamba ndefu kama ile. Jasho lilinitoka mimi. Huko nje Fundi Warabi alikuwa anavuta tambi zake kwa sauti, fyuu, fyuu.

"Umekuja kunichukua?" akauliza mwishowe, macho kwenye kiatu.

"Hapana. Nimekuja kuomba."

Akainua uso. Neno hilo, likitoka kwangu, lilimshangaza, nami likanishangaza. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima, na bado lilitoka limepauka.

"Naomba uje bafuni Jumapili, saa kumi," nikasema. "Sipendi kuoga peke yangu. Sikijui kikohozi cha mtu mwingine yeyote. Nikikaa majini sijui nitoke saa ngapi. Jana nilikaa mpaka vidole vikakunjamana."

Akaiachia kamba ya kiatu.

"Tena si kwa ajili yako," nikasema. "Ni kwa ajili yangu. Nakuhitaji. Hilo nalo sijawahi kulisema, kwa hiyo na mimi nina kosa."

"Chigusa, wewe una kazi nyingi..."

"Sikutengenezei kitu. Sikuwekei mwavuli, sikuwekei taulo. Sabuni itakuwa kwangu, upande wangu. Ukiitaka, utaiomba."

"Nitanunua nyingine pale mlangoni," akasema haraka, na ndivyo alivyo, hata ukimfunga kamba atasema asante, nina kamba yangu.

"Nunua," nikasema. Nikasimama. Kiatu chake kilikuwa bado wazi. Nimefanya mambo magumu, lakini kukipita kile kiatu na kutoka mlangoni, hilo nitalisimulia nikizeeka.

Jumapili nilifika mapema. Shangazi alikuwa kitini, anafuma. Rafu ndogo ya sabuni za kuuza iliyo pembeni yake ilikuwa tupu.

"Zimekwenda wapi?"

"Mama Nukui amenunua zote tisa," shangazi akasema bila kuinua macho. "Anasema ana nguo nyingi."

Niliingia upande wa wanawake na beseni langu. Walikuwa wamejaa kuliko Jumapili nyingine yoyote. Mke wa seremala, bibi arusi wa duka la dawa, mama wa muuza tofu na binti zake wawili, wote wameketi kwenye vigoda vyao wanasugua polepole sana, na Mama Nukui katikati yao amejaa povu kama sanamu ya theluji.

"Umefanya nini?" nikamnong'oneza.

"Naoga."

"Na upande ule?"

"Upande ule," akasema, "nasikia wanaume wote leo wamesahau sabuni. Wanaume, unawajua."

Nikatamani kutoka. Nilitaka aniombe kwa moyo wake, si kwa kuzungukwa kama nguruwe pori. Lakini nilikuwa nimeshavua nguo, na juu ya ukuta nikasikia mlango wa kuteleza ukifunguka, na sauti ya shangazi ikisema, "Karibu, Shungo. Sabuni zimekwisha, pole." Kisha, "Asante, si kitu."

Si kitu. Nikafumba macho. Nilijua atakachofanya. Atajimwagia maji matupu, mabeseni kumi, ishirini, mpaka haya imwishe. Ataingia kwenye maji ya moto, mkono wa plasta ameuinua ndani ya mfuko wa plastiki. Atakohoa. Atatoka, ataniinamia mlangoni, na Jumatatu atawajibu watu wa Okayama.

Nilisikia kigoda kikivutwa. Bomba likafunguliwa, likafungwa. Beseni la kwanza likamwagwa. La pili. Upande wetu hakuna aliyemwaga hata tone. Mtoto mmoja akafungua mdomo, mamake akauziba kwa kitambaa.

"Mama Nukui," Mzee Nukui akaita kutoka ng'ambo, "sabuni."

"Sina," mkewe akajibu.

"Huna?"

"Nimesema sina, mzee. Imekwisha."

"Haya," Mzee akasema kwa unyonge, na nadhani katika miaka arobaini hakuwahi kupata jibu lile. Wanaume wakaanza kucheka chini kwa chini. Sauti ya seremala ikasema, "Bwana mdogo, sisi huku wote ni maskini." Beseni la tatu halikumwagwa.

Sabuni yetu ilikuwa kwenye mkono wangu, ndani ya kiboksi chake cha kijani chenye ufa. Nilikishika kwa nguvu hata kikalia. Nilitaka sana kukirusha. Kingeruka tu, kingefika, na kila kitu kingekuwa kama zamani, mimi nikijua na yeye akinyamaza. Mama Nukui aliona mkono wangu. Akaweka mguu wake wenye povu juu ya mguu wangu, akaukanyaga.

Kikohozi kikaja.

Si kile cha kuaga maji. Hiki sikukijua, kilikuwa cha mtu anayesafisha njia.

"Chigusa."

Jina langu lilipita juu ya ukuta kwa mara ya kwanza. Darini mna matone, yanakusanyika na kudondoka, na naapa hata hayo yalisubiri. Bibi arusi wa duka la dawa alinishika bega.

"Nipo," nikasema.

"Nirushie sabuni."

Wanawake hawakupiga kelele. Walinitazama tu, wote, na mama wa muuza tofu alikuwa anatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeona samaki mkubwa akitolewa majini. Nilisimama. Nilikirusha kile kiboksi kama nilivyoona kikirushwa miaka kumi na minne, kwa mkono wa chini, kiwe na mwendo wa polepole. Kikapanda, kikapita mahali ambapo vigae vinaishia, kikazama ng'ambo.

Kwa muda sikusikia kitu. Kisha wanaume wakanguruma. "Kwa mkono wa kushoto!" Mzee Nukui alipaza sauti. "Mama Nukui, amekidaka kwa mkono wa kushoto!"

"Nimesikia, mzee, si kiziwi," mkewe akasema, na machozi yalikuwa yanachora njia mbili kwenye povu lake. Akatoa kiboksi chake kutoka chini ya kigoda, akakirusha juu bila hata kutazama. Halafu mke wa seremala akarusha cha kwao, na yule bibi arusi, na zile tisa za rafuni zikafuata, na upande wa pili ikawa ni vicheko na mabeseni na watu kuteleza. Shangazi alifungua mlango, akauliza kama tumeingiliwa na nyani.

Nilijiosha. Sijui nilijiosha nini, nilijiosha goti moja mara nyingi. Kelele zikatulia, watu wakaingia majini, mvuke ukafunga kila kitu. Nilikuwa nimekaa, maji yakinifika shingoni, mgongo kwenye ukuta wetu, nikijua kwamba yeye naye ameegemea upande wake, maana maji ya moto yako hapo hapo pande zote mbili. Nilisubiri kikohozi.

Badala yake akaongea. Hakupaza sauti sana sasa, lakini nilisikia, na wote walisikia.

"Chigusa. Nimekuja na viatu wazi, kamba zinaburuta. Fundi Warabi alinicheka."

Jibu lilikuwa tayari, limeshakaa ulimini, limekaa hapo miaka miwili. Mama Nukui alinitazama kupitia mvuke. Lakini mara hii sikutaka kumtangulia. Nilitaka nikae, niache maneno yake yafike yenyewe, yote, hadi la mwisho, kama mtu anayesikiliza mvua aliyoingoja.

"Nikitoka, nifungie viatu," akasema. "Vyote viwili. Halafu twende nyumbani. Nina njaa, nataka bakuli la pili, nitaliomba mwenyewe. Naomba, Chigusa. Unanisikia?"